Shajara: kuihamisha EPANET yetu ya viraka kutoka 2.00.12 kwenda 2.2

Naandika hii kwa yeyote ambaye ofisini kwake kuna kompyuta moja kuukuu hairuhusiwi kuzimwa, kwa sababu ndo yenye programu ambayo kila mtu anaitegemea na hakuna anayejua ndani imefanywa nini. Kwetu programu yenyewe ni EPANET, ile ya kupigia hesabu mabomba ya maji: unaipa chanzo, matanki, mabomba, pampu na vilula, inakwambia presha na mtiririko wa kila sehemu saa kwa saa. Kompyuta ni ya Windows XP, feni yake inapiga kelele kama mashine ya kusaga.

Historia kidogo maana itahitajika mbele. EPANET ilitoka 1993, imeandikwa na Lewis Rossman wa shirika la mazingira la Marekani pale Cincinnati. Toleo la 2 likaja 2000, 2.00.12 ikaja 2008, afu kimya kirefu. Kwa kuwa ni mali ya umma na kodi yake iko wazi (kodi ya programu, sio ya mapato), watu wa nje wakajikusanya kwa jina la Open Water Analytics wakaiendeleza mpaka 2.2 ikatoka 2020. Injini ya hesabu ni C tupu. Dirisha lenye vitufe ni la Delphi na linakaa Windows tu.

Sasa yetu sio 2.00.12 safi. Kuna mtu alikuwepo ofisini zamani, kijana fundi kweli kweli, akaifungua kodi akaweka ujumbe wa Kiswahili na "vitu vingine vidogo", akakompaili (yani akaigeuza kodi kuwa programu inayokimbia), akaondoka, hakuacha hata karatasi moja. Hivyo vitu vingine vidogo ndo vimenila miezi mitatu.

Lengo: mifumo 23 ya maji, mingi ya mserereko (maji yanashuka yenyewe bila pampu), ihamie injini ya 2.2 kwenye Linux, na majibu yasibadilike bila sisi kujua kwa nini yamebadilika. Hesabu yenyewe sigusi. Kuna jamaa kaniuliza kwa nini nisiandike yangu upya kwa Python, nikamwambia akae kwanza.

8 Februari 2025. Kukusanya mafaili

Mifumo 14 ilikuwa kwenye mafaili ya .inp, ambayo ni maandishi ya kawaida unafungua hata kwa notepadi. Tisa zilikuwa .net, yale mafaili ambayo dirisha la EPANET peke yake ndo linayaelewa. Dawa yake ni kufungua kila moja na kulisafirisha kama .inp. Nimeinstoo dirisha la zamani kwenye laptopu yangu kwa Wine, ile inayokimbiza programu za Windows kwenye Linux, herufi zinatoka ndogo kama sisimizi lakini linafanya kazi, nane zikatoka fresh.

Ya tisa imekataa kufunguka, flashi iliyokuwa nayo imeoza. Nikampigia mzee wetu aliyechora huo mfumo, sasa hivi kastaafu. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, nikamweleza. Akacheka akasema, "Kijana, mimi sijawahi kuiamini flashi," akanielekeza kabati gani ofisini na faili la rangi gani, na kweli karatasi za mahesabu zote zipo, zimechapwa na kupigwa muhuri. Nimeziingiza kwa mkono, nodi 61 (nodi ni sehemu mabomba yanapokutana au kuishia), jioni mbili. Kosa langu hapo: niliandika majina kama yalivyo kwenye karatasi, Tangi Kuu, Shule ya Msingi, na EPANET inatenganisha maneno kwa nafasi kwa hiyo ikasoma "Kuu" kama mwinuko ikagoma na kosa namba 200 na orodha ndefu chini yake. Weka mstari wa chini, Tangi_Kuu, yanaisha.

Gharama: flashi mpya mbili 24,000/-, bando 10,000/-, boda kwenda na kurudi ofisini Jumamosi 6,000/-.

15 Februari. Kuifufua ya zamani kwanza

Hii hatua watu wengi wanairuka. Kabla hujaleta mpya lazima uwe na ya zamani inayokimbia sehemu ambayo unaweza kuirudia mara mia, la sivyo utalinganisha na nini? Kodi ya yule kijana niliikuta kwenye folda inaitwa MPYA_MWISHO_2.

Linux ikagoma papo hapo. Majina ya mafaili kwenye folda ni herufi kubwa zote, FUNCS.H, VARS.H, ila ndani yanaitwa kwa herufi ndogo, na Windows haijali ila Linux inajali. Skripti ya mistari mitatu ikabadilisha yote. Afu juu ya faili kuu kuna sehemu unachagua unakompaili nini, programu ya terminali au maktaba ya DLL, yake ilikuwa DLL, nikageuza. Maonyo yalikuwa mengi mpaka terminali ikawa kama mvua ya masika ila mwisho ikakompaili. Nikadhani nimemaliza.

22 Februari. Kiswahili kilivyoiua

Mifumo 19 ikakimbia, minne ikaanguka katikati na ujumbe kwamba bafa, yani nafasi iliyotengwa kwenye kumbukumbu, imefurika. Kilichonichanganya ni kwamba hiyo hiyo minne kwenye XP inakimbia bila shida miaka yote.

Siku nzima nilikuwa naangalia hesabu. Nikapunguza mfumo mmoja kipande kipande, natoa bomba moja moja, mpaka nikagundua unaanguka pale tu unapotaka kutoa onyo la presha hasi. Kumbe kwenye kodi ya 2.00 nafasi ya ujumbe mmoja ni herufi 79 basi. Kiingereza kinaingia. Yule ndugu akaandika onyo zuri la adabu, "Tahadhari: mfumo una presha hasi katika sehemu zifuatazo, tafadhali kagua kipenyo cha mabomba, saa...", ambalo peke yake linapita 79, ukiongeza na muda ndo kabisa, herufi za mwisho zinamwagikia kwenye kumbukumbu ya jirani. XP ilikuwa inanyamaza, kompaila ya sasa inaweka mlinzi mlangoni. Yani miaka yote hiyo kila presha ikishuka programu ilikuwa inaharibu kitu ndani yake na hakuna aliyejua ni kitu gani.

Nikafupisha ujumbe wote, mifumo 23 ikakimbia. Na hapo hapo nikaamua: kwenye 2.2 hakuna Kiswahili ndani ya C. EPANET inarudisha namba kwa kila tatizo, 224 ni hakuna tanki wala chanzo, 233 ni nodi haijaunganishwa na kitu, onyo la 6 ni presha hasi. Namba hizo hazijabadilika tangu zamani. Kwa hiyo Kiswahili kinakaa nje kwenye jedwali la Python, namba kushoto maneno kulia, uandike insha ukitaka. Likija toleo jingine kesho sina kiraka cha kubandika upya.

2 Machi. 2.2 imekompaili, na majibu mazuri mno

Kukompaili 2.2 ni amri nne: unavuta kodi, unatengeneza folda, cmake, kompaili. Dakika mbili kwenye laptopu ya RAM 4. Majaribio yake yanataka Boost, maktaba ya C++ ambayo ni kubwa, bando likaisha katikati, nikaongeza.

Nikakimbiza mifumo yote 23. Maonyo yakawa machache kuliko zamani, na mitano hasa, ile iliyotengenezwa na skripti ya lahajedwali, ikatoka safi kabisa: hakuna presha hasi hata moja, vilula vyote kati ya 15 na 40. Nikampiga picha bosi nikamtumia. Nikaenda kufuturu na roho nyeupe.

9 Machi. Bomba la inchi 110

Roho nyeupe iliisha wiki hiyo hiyo. Nilikuwa nachora grafu ya kilula kimoja kwa saa 24, na mstari ukatoka umenyooka. Usiku wa manane presha 26.9, saa 12 asubuhi kijiji kizima kinachota presha 26.9. Hakuna kilula duniani chenye tabia hiyo.

Tofauti ya mwinuko kati ya tangi na kilula hicho ni mita 62. Nikakaa nikaitazama hiyo 26.9. Zidisha 62 kwa 0.4333 unapata 26.9, na 0.4333 ni kile cha kugeuza futi za maji kuwa PSI, presha ya paundi kwa inchi ya mraba. Ikabofya. Mafaili ya lahajedwali hayana mstari wa UNITS, na EPANET usipoiambia vipimo inachukua galoni kwa dakika, yani urefu unakuwa futi na kipenyo inchi. Bomba letu la milimita 110 likasomwa inchi 110, karibu mita 2.8, unaingiza bajaji. Msuguano ukawa hakuna, kilichobaki ni presha ya maji yaliyosimama, tena kwa PSI, na mimi nikaisoma kama mita kwa sababu namba ilikaa vizuri. Ingetoka elfu tisa ningeshtuka siku ile ile.

Sasa kwa nini injini ya viraka ilikuwa inayasoma sawa? Kwenye sehemu ya mipangilio ya kuanzia, yule ndugu alibadilisha GPM (galoni kwa dakika) kuwa LPS (lita kwa sekunde). Kwa nchi yetu ni wazo zuri, ila sasa mafaili yakawa yanasomeka sawa kwenye injini moja tu duniani.

Dawa: UNITS LPS kwenye kila faili bila kubagua, hata lile ambalo lilikuwa sawa. Bosi nikampigia kumwambia ile picha aifute.

16 Machi. Ningeanza na hili

Nilipotafuta ile LPS nilikuwa nimejaribu kulinganisha kodi ya yule ndugu na 2.00.12 safi, diff, ile amri ya kulinganisha mafaili mstari kwa mstari, ikasema kila mstari umebadilika, nikaacha, nikatafuta kwa neno moja tu. Uvivu huo umenigharimu wiki.

Maana baada ya vipimo kukaa sawa, mifumo miwili bado ilikuwa mbali, tangi linaisha saa tisa alasiri kwenye injini moja na kwenye nyingine halishuki hata nusu. Yote miwili ina uvujaji uliowekwa kwa emita, ile ambayo maji yanayotoka yanategemea presha. Nikarudi kwenye diff. Kumbe mistari yote inaonekana tofauti kwa sababu ya mwisho wa mstari wa Windows, unaiambia ipuuze hilo na zile elfu kadhaa zinabaki mistari 58. Ujumbe wa Kiswahili 56. LPS. Na hii: kipeo cha emita, ambacho ndani ya kodi kimehifadhiwa kwa kupinduliwa, kilikuwa 2.0 kimewekwa 1.0.

Kwa lugha ya kawaida, EPANET safi inavujisha kwa kipeuo cha presha, yetu ilikuwa inavujisha sambamba na presha yenyewe. Kwenye mita 40 kipeuo ni 6.3, kwa hiyo tundu lile lile na namba ile ile ya emita linatoa maji mara sita zaidi kwenye injini yetu. Na jamaa hakukosea! Mabomba ya plastiki ufa wake unafunguka presha ikipanda, inajulikana kwamba kipeo kinaweza kuzidi 0.5 sana. Namba za emita za mifumo hiyo zilipangwa kwa hesabu yake. Lawama yangu ni moja tu, kitu kinachobadilisha majibu mara sita kinaandikwa kwenye faili la mfumo ambako kila mtu anakiona, EMITTER EXPONENT 1.0, hakifichwi ndani ya C. Nimeandika mstari huo kwenye mafaili yote mawili, majibu yakarudi.

Kwa anayeiga: siku ya kwanza, saa ya kwanza, vuta kodi safi ya toleo lako, fanya diff ukipuuza mwisho wa mistari, isome yote kwa macho ndo ufanye mengine. Mi ningeokoa mwezi.

30 Machi. Python inasema mwinuko ni sifuri

Hatua ya kuiita injini kutoka Python. Ndiyo kuna WNTR, maktaba ya Python ya kuendeshea EPANET, na ni nzuri, ila mi nilitaka kitu chembamba kinachokaa kwenye laptopu ya mtu wa wilayani bila kushusha maktaba kumi, kwa hiyo nikatumia ctypes, njia ya Python ya kuita kodi ya C, moja kwa moja.

Kuanguka kwa kwanza kulikuwa kwepesi, nilipitisha kishikio cha mradi kama namba ya kawaida kikakatwa nusu, kiache kama c_void_p. Cha pili ndo kilinitesa. Nikasoma mwinuko wa nodi za Net1, ule mfano unaokuja na EPANET, unaotakiwa kutoa 710, 710, 700, 695. Ikatoa 0.0, 0.0, 0.0, 0.0. Nikasoma mfumo wetu mmoja, ikatoa takataka, namba ndogo zenye e-12 na kubwa zenye e+20. Na haikuanguka hata kidogo, ingeanguka ningeshukuru.

Nilibadilisha kila kitu. Nilikompaili upya mara nne, moja umeme ulikatika katikati kwa mvua. Nilikuwa naamini shida ni kusoma faili, maana mmoja sifuri na mwingine takataka inaonekana kama magonjwa mawili. Ni moja. Kwenye 2.2 kuna seti mbili za amri: za zamani zinazoanza EN bila mstari, zinarudisha namba za baiti 4, na mpya zinazoanza EN_ na zinarudisha za baiti 8. Mi nilikuwa naita mpya huku nimetenga nafasi ya baiti 4 kama mfano wa zamani nilionakili. Kwa hiyo nilikuwa nasoma nusu ya chini ya namba. Namba nzima kama 710 nusu yake ya chini ni sifuri tupu, ndo maana Net1 yote ikawa 0.0. Mfumo wetu uko kwa mita, ndani EPANET inahifadhi futi na kugeuza wakati wa kutoa, mabaki ya kugeuza yanakaa nusu ya chini, ndo takataka yenyewe. c_float ikawa c_double, neno moja, wiki mbili.

13 Aprili. Kwa nini tulihama hasa

Sababu ya kutaka 2.2 kuanzia mwanzo ilikuwa hii. Injini ya zamani inachukulia kila kilula kinapata maji yake yote hata presha ikiwa hasi 14, ambayo kwa mtu anayeishi na mgao ni kichekesho. 2.2 ina mfumo wa PDA: ukisema presha inayohitajika ni mita 10 na kilula kina 2.5, inakipa nusu ya mahitaji, inavyotokea kweli.

Nikawasha DEMAND MODEL PDA, kila kilula kikapata maji kamili. Safari hii nilishajifunza kuogopa majibu mazuri. Usipoandika REQUIRED PRESSURE inachukua 0.1, kwa hiyo chenye hata kijipresha cha mita moja kinahesabiwa kimeshiba. Nikaandika 10, kijiji cha mwisho kwenye mfumo mmoja kikashuka mpaka asilimia 38 ya mahitaji saa 1 asubuhi. Nilipomsomea mzee kwenye simu akasema, "Hao ndo wanaolalamika tangu tumezindua."

Angalizo: weka faili la PDA pembeni na la kawaida, injini ya zamani ukiipa mstari huo inakataa faili zima na utapoteza uwezo wa kulinganisha.

27 Aprili. Tulipo

Kulinganisha sasa kunafanyika chenyewe kila nikigusa kitu. Mwanzoni nililinganisha ripoti maandishi kwa maandishi, haifai, tarehe na kichwa cha ripoti vinatofautiana. Nikalinganisha namba, nikaona tofauti za sentimita mbili tatu huku na huku, nikahangaika, kumbe ACCURACY, kile kiwango cha usahihi wa hesabu, ya 0.001 inaruhusu kila injini kusimama pale inapoona inatosha. Nimeweka 0.00001 kwa zote mbili wakati wa kulinganisha, tofauti zikashuka chini ya milimita moja.

Mifumo 21 imepita. Wa 22 ni ule wa karatasi, hauna faili la asili, nimeulinganisha na jedwali lililochapwa na unakaa ndani ya desimali zilizochapwa, nahesabu umepita kwa mguu mmoja. Wa 23 una pampu inayowashwa na kuzimwa kwa kina cha tangi, injini mbili zinaizima kwa kupishana dakika chache, kwa hiyo ukipiga picha saa 4 kamili moja pampu inafanya kazi nyingine imezima na presha zinapishana mita 20, wakati maji yaliyosukumwa kwa siku ni yale yale. Nimeacha kulinganisha presha ya saa kwenye huo, nalinganisha kina cha tangi. Sina raha nao bado.

Gharama yote: mabando 85,000/-, RAM 8 ya mtumba 45,000/-, flashi 24,000/-, boda 42,000/-, na Jumamosi kumi na moja ambazo nyumbani zinadaiwa. Programu yenyewe shilingi sifuri.

Kilichobaki ni kwenda na geji ya presha kwenye kile kijiji cha mwisho, saa 1 asubuhi, nione kama ile asilimia 38 ina ukweli. Mzee kasema atakuja. Kasema pia ile XP isizimwe mpaka arudi.